Somo, Rimu na Kaseti za Mshindo

Mtu yeyote anayesema Mshindo waliharibika kuanzia kaseti ya tatu, mimi sina salamu naye. Nimewasikia wengi. Wako Mombasa, wako Ulaya, wako hapa hapa Kismayo wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, na wote wana maneno yale yale: zamani lile kundi lilikuwa na adabu, sasa ni kelele tupu. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua kubishana kwa utaratibu, lakini kwa hili utaratibu sina. Nina mtoto wa kunyonya na mume aliyeko Ulaya anayenifundisha maisha kwa simu. Hasira zangu zina kazi nyingi. Hizi nimezitenga kwa ajili ya Somo.

Somo, kwetu, ni mwanamke anayekabidhiwa msichana amfunde kabla ya harusi. Kila mke ana somo wake. Wangu ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa Mshindo, kundi la wanawake la kuimba harusini, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu hapa karibu na bandari wamepita mikononi mwake, kwa hiyo jina hilo limemganda. Lile alilopewa na wazazi silitaji. Alizaliwa wapi na nani, waulizeni wazee wa ukoo, wao hawachoki. Mimi nitasema alivyokuwa akiosha rimu.

Rimu ni ile duara ya chuma ya gurudumu la gari. Yake ni ya lori, nzito, mtu mmoja haibebi. Aliiosha kwa majivu na limau kila Alhamisi, akaingiza kidole chenye kitambaa ndani ya kila tundu la nati, akaisuuza, akaipaka mafuta ya nazi, kisha akaifunika leso. Watoto tulikatazwa kuiruka. Mama yangu alikuwa akimtania: "Hata wanao hukuwaosha hivi." Naye akajibu, "Wanangu walikuwa na miguu, wakenda zao. Hii imekaa."

Na mwanamke huyo huyo, aliyegonga chuma mpaka vioo vya jirani vikatikisika, nyumbani kwake hakutaka kelele. Tulipokuwa wadogo Mombasa, ukiingia kwake na ndara zinazopiga sakafu ulirudishwa mlangoni uingie upya. Ukiangusha kijiko ulikiokota, kisha ukaambiwa, "Kiombe radhi." Tulikiomba kijiko radhi kweli, tukiwa tumeshika matumbo kwa kicheko. Alipokuja kunifunda alinong'ona muda wote. "Mume akikuudhi, mpikie. Akikuudhi tena, usimpikie. Akiuliza, mwambie moto umekataa." Nikamuuliza, "Na akiuudhi moto mwenyewe?" Akanipiga kofi la paja, lakini alicheka. Mambo mengine aliyonifunza siyaandiki.

Miaka ya karibuni watoto wa jirani walianza kukimbia uani kwake na ndara zao, pa pa pa, na yeye hasemi kitu. Tukasema uzee umemlainisha. Wajinga sisi.

Sasa kaseti, kwa sababu hapo ndipo wenye midomo wanapoanzia.

Ya kwanza ilirekodiwa hapa Kismayo kabla ya vita. Mna sauti za wanawake na vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, basi. Ni nzuri, sikatai. Ndiyo wanayoililia wazee wa kahawa.

Ya pili ilitoka kambini Kenya. Walikimbia kwa mashua, wakabeba watoto na sufuria, pembe zikabaki. Kambini ikafika harusi ya kwanza, bibi harusi amepakwa hina, na hakuna cha kugonga. Somo akazunguka, akaona lori la maji limekufa kando ya mabomba na rimu moja imelala mchangani. Akaisimamisha, akaokota kipande cha nondo, akagonga. Wanawake wengine wakachukua vigingi vya hema, makarai, kila kilichokuwa chuma. Mama yangu alikuwepo. Anasema mlio ule ulikuwa mkavu, hauna utamu wa pembe hata kidogo, na kila mwanamke pale alilia, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wenyewe ndani. Siku ya pili dereva akaja kudai rimu yake. Somo akamwambia, "Umechelewa. Ishaolewa." Yule bwana akaangalia wale wanawake, akaiacha.

Ya tatu ni ya Mombasa, nayo ndiyo ya gitaa. Hapa sina budi kumleta Bi Mdogo.

Bi Mdogo ni mke mwenza wa Somo. Mume wao alipofariki walibaki nyumba moja, ukuta mmoja katikati, na hawakusemezana. Chumvi ilipozidi, Somo alimwambia mtoto, mtoto akamwambia Bi Mdogo, Bi Mdogo akamrudishia mtoto jibu ambalo mtoto aliogopa kulifikisha. Lakini Bi Mdogo alikuwa na ndugu aliyepiga gitaa la umeme mahotelini, naye mwenyewe akalijua tangu usichana, na Somo alikuwa na kundi lililotaka kitu. Wakaungana bila kuambiana. Siku ya mazoezi Bi Mdogo alitokea na gitaa, akakaa, akachomeka waya. Spika yake ilikuwa imechanika. Kila uzi ulipoguswa ulitoka na makwaruzo, kama mtu anakohoa changarawe. Ndugu yake akasema ataleta spika nzima. Somo akakataa: "Iacheni. Sasa naisikia."

Hata hiyo hatukuielewa.

Kaseti ya tatu, kwa hivyo, ni wake wenza wawili wanagombana, mmoja kwa chuma na mmoja kwa nyuzi, na wanawake katikati wanaitikia. Binamu yangu aliyeko Ulaya aliiweka kwenye mtandao, akaniambia vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu wameipenda, na kwamba huko mziki wa namna hiyo una jina lake: mziki wa chuma, chuma kizito. Akanitumia nyimbo zao. Nikamwekea Somo simu kwenye bega, karibu na shingo, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alisikiliza kwa makini, uso umekunjika, wanaume wale wanapiga mayowe. Mwisho akauliza, "Hawa wamefiwa na nani?"

Nikasema, "Hawajafiwa, Somo. Ndiyo furaha yao."

"Maskini," akasema. "Hakuna aliyewafunda."

Ya nne naichukia. Hapo mimi nimo, nilikuwa mwitikiaji mpya, bado na sare ya shule. Tulipelekwa studio ya kweli, chumba kina mazulia mpaka ukutani, na fundi mmoja mpole sana akatutia kinanda, akamvua Bi Mdogo spika yake mbovu, akaweka rimu chumba cha pili na kuifunika blanketi. Somo akavishwa vile visikizi vya masikioni. Kila mara alivivua akasema, "Haimo." Fundi: "Nini haimo, mama?" "Mimi simo." Fundi akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, akasema iko sawa. Somo akaimba mpaka mwisho kama mtu anayetembea chumba cha giza na mikono mbele. Na hiyo ndiyo kaseti waliyoipenda watu. Walisema Mshindo wamekomaa.

Tuliporudi Kismayo tukatoa ya tano, ingawa tunasema kaseti kwa mazoea tu, ilikuwa ndani ya simu. Tulirekodi kwenye karakana ya injini za boti, mabati juu, saruji chini, jenereta nje. Somo alitaka milango ifungwe. Alitaka spika iliyochanika irudi, na nyingine iliyochanika zaidi iongezwe. Wenye karakana walikwenda kusubiri ufukweni wakiwa wameziba masikio. Mama mtu mzima yule, mjukuu wake yuko mgongoni mwa jirani, alikuwa akigonga rimu huku paji la uso limekaribia kugusa chuma. Kaseti ya tano ukiisikiliza kwa simu ndogo, simu inatembea mezani. Watu wakasema tumepotoka, tumeiga Wazungu, tumeingiwa na shetani la ujana uzeeni. Mimi mwenyewe niliwajibu kwamba Somo ana hasira na dunia, kama nilizonazo mimi. Nilijivunia jibu hilo.

Basi ikaja harusi ya kisiwani Koyama.

Anayeolewa alikuwa binti wa shangazi yangu, na sisi ndio kundi la upande wake. Kwetu wimbo wa kumwingiza bibi harusi kwa watu wa mume una beti mbili. Wa kwanza unauma, wa pili unapuliza. Ule wa kwanza unamchokoza mama wa bwana harusi mbele ya watu wote, naye anatakiwa acheke. Wa pili unamtuliza na kumkabidhi mwana. Na kuna sheria mbili ambazo hakuna mwanamke wa visiwani asiyezijua. Mwanzilishi havuki kwenda ubeti wa pili mpaka aitikiwe, kwani kuvuka bila kuitikiwa ni nuksi, ni kama kumpeleka bibi harusi peke yake. Na mwanzilishi hakatizwi. Aliyefungua ndiye anayefunga.

Ilikuwa baada ya alasiri, ua wa mchanga umejaa, mwanangu amelala kwenye mkeka nyuma yangu. Somo akasimamisha rimu, akaanza:

"Mama bwana, wali wako una mawe, tumekula tumevunja meno."

Tukaitikia: "Meno yetu, ee, meno yetu."

Mama wa bwana harusi akacheka vizuri. "Abaayo, dada yangu, pole, nitawaletea daktari." Ua mzima ukacheka.

Somo akarudia, "Mama bwana, wali wako una mawe."

Kurudia mara moja si ajabu, ni kunogesha. Tukaitikia kwa nguvu zaidi. Akarudia tena. Tukaitikia tena. Mama wa bwana harusi bado anatabasamu, lakini meno peke yake. Somo akarudia. Bibi harusi amesimama mlangoni ndani ya nguo zake zote, jasho linachora wanja, hawezi kuingia, hawezi kutoka. Dada ya mama bwana akasema kwa sauti ya kusikika, "Huu si wimbo wa vugo tena. Hawa wametuletea matusi kwa mashua." Mwingine akajibu, "Waache, labda wali waliuonja kweli." Hakucheka mtu.

Tulipiga kelele za kuitikia mpaka maziwa yakanitoka yakalowesha blauzi. Somo anagonga zaidi, na mimi niliye karibu yake ndipo nikaona. Hakuwa akimtazama mama bwana. Alikuwa akitazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Alikuwa akingoja aitikiwe, na midomo ile yote pamoja haikumwambia kitu. Alikuwa akingoja kwa adabu, kama sheria inavyosema. Na sisi, wanawake wazima ishirini na ushei, hakuna aliyemkatiza, kwa adabu ile ile. Tungemwacha arudie mpaka asubuhi, ndoa ivunjike.

Bi Mdogo aliliweka gitaa chini. Akavuka ua, akaweka kiganja chake juu ya rimu. Chuma kikanyamaza. Rimu ya mwanzilishi haiguswi na mkono wa mwingine, watu walivuta pumzi. Somo akautazama ule mkono, kisha akapanda na macho mpaka usoni. Na Bi Mdogo, ambaye sijapata kumsikia akimwambia mwenzake neno uso kwa uso tangu nipate akili, akasema taratibu, anafungua kinywa kila herufi:

"Tumeitikia, mwenzangu. Vuka."

Somo akavuka. "Twakuletea mwana wa mkono mwepesi, atachagua mawe, mama upumzike." Mama wa bwana harusi akaanza kulia kabla ubeti haujaisha, kwa nafuu nadhani, akamvuta bibi harusi ndani kwa mikono miwili.

Tuliporudi Kismayo wanawake wa kundi walikutana uani kwa Bi Mdogo, Somo hayupo. Neno lilikuwa tayari midomoni: apumzishwe. Mmoja alisema ni kwa heshima yake. Nikamwambia heshima hiyo ampe mama yake mzazi. Akaniambia mimi mdogo. Nikamwambia mdogo anayesikia. Tukafika mbali, na sitaandika tulikofika.

Bi Mdogo akatunyamazisha. "Mimi nilijua zamani," akasema.

"Zamani lini?"

"Kabla wewe hujaolewa. Mimi kila asubuhi namtukana hapo ukutani, naye ananifyonza. Ndiyo salamu yetu. Siku moja nikamtukana, kimya. Nikamtukana zaidi, nikamtia na mjomba wake. Kimya. Nikajua huyu mchu hasikii." Mchu ni mtu, kwa lahaja ya visiwani.

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Yeye ndiye anayehusika, na hatusemezani." Akakunja leso yake magotini. "Niliongeza spika."

Ndipo nikainuka na mwanangu nikaenda upande wa pili wa nyumba.

Somo alikuwa amekaa kizingitini, akitazama kivuli cha ukuta. Alikuwa akisoma nyakati za sala kwa kivuli na kwa majirani wanaotoka na udhu, kumbe hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya muda wote. Akanionyesha pa kukaa, penye mwanga.

"Wamekutuma?"

"Sikutumwa. Nimekuja kugombana."

"Na nani?"

"Na yeyote."

"Basi nipe mtoto kwanza."

Nikampa. Nikaanza kupaza sauti, akaniinulia mkono. "Usipige kelele. Mdomo wako nimeuona kupitia mlango wa ua tangu uko kwa Bi Mdogo, wewe hata midomo yako ina ubishi. Sema polepole tu."

Nikasema polepole. Nikamuuliza ilianza lini. Akasema sikio la kushoto lilianza kambini, la kulia likalifuata Mombasa, kama wake wenza, hakuna aliyekubali kubaki nyuma. Sikucheka. Nikamuuliza kwa nini hakutwambia.

"Mngesema nini? Mngesema, Somo, ongeza sauti." Akampepea mtoto nzi. "Si niliongeza."

Nilikaa pale nikazihesabu kaseti zote upya kichwani. Ile spika iliyochanika. Yale mazulia na kule kuvua visikizi. Ile karakana na milango iliyofungwa. Watu wamebishana miaka kama Mshindo walifuata Wazungu au vijana au shetani. Sauti ilikuwa inamwondokea, naye akaifuata, kaseti kwa kaseti, na sisi nyuma yake tukidhani tunapiga mziki.

"Wanataka upumzike," nikasema. "Mimi nimewakatalia. Wakikutoa na mimi natoka, na Bi Mdogo nitamtoa, wabaki na makarai yao."

"Hapana," akasema. "Wana haki. Ningeivunja ndoa ya watu kwa wali." Akanitazama. "Utaanzisha wewe."

"Sitaki."

"Mimi nitaitikia."

"Mwanzilishi hageuki mwitikiaji."

"Nani kasema?"

"Wewe ulisema."

"Basi nasema tena. Wewe una sauti na una hasira, na masikio yote mawili. Mimi nitagonga na kuitikia. Yeo, leo hii, ni zamu yako." Nilitaka kukataa tena, nilikuwa na maneno mengi yamepangana, lakini alikuwa amekwisha kuinamia mtoto, hanitazami mdomo, na mtu asiyekutazama mdomo humpati kwa lolote.

Harusi iliyofuata ilikuwa kisiwani Chovai. Somo alivua viatu, akakaa juu ya saruji, miguu mitupu imeibana rimu pande mbili. Bi Mdogo aliisogeza spika mpaka ikagusa sakafu karibu na nyayo zake, akairudisha nyuma kidogo, akamtazama usoni, akaisogeza tena. Nikaanzisha. Wanawake wakaitikia, na Somo akaitikia baada yao, amechelewa. Si sana. Ule mlio wa kundi ulikuwa unapanda kwake kutoka chini, na njia hiyo ni ndefu kuliko ya sikio. Ubeti wa pili akachelewa vile vile. Niliona wawili wanatazamana, nikawatolea macho.

Bi Mdogo ndiye aliyeanza. Aliushika uzi wake, hakuupiga, akausubiri mkono wa Somo. Rimu ilipolia, naye akapiga. Wenye makarai wakamfuata. Polepole mwendo wote ukashuka, ukawa mpana, mzito, kila pigo linakaa chini kabla ya jingine kuinuka, na bibi harusi wa Chovai akaingia kwa watu wa mumewe kwa hatua ambazo sijapata kumwona bibi harusi akitembea.

Tulirekodi hivyo. Sasa wameanza tena. Wazee wa kahawa wanasema Mshindo wamezeeka, wanakwenda kama jongoo. Binamu yangu anasema huko kwa wenye nywele ndefu hii ndiyo wameipenda kuliko zote, wanaulizana tumeipata wapi, tumekusudia nini. Mume wangu naye amepiga simu kuuliza.

Hatukukusudia kitu. Mimi naanzisha, natazama nyayo zake, na sote tunamngoja.